Msinunue droni, nunueni joistiki: miezi saba na simuleta ya ndege hapa Mtwara

Wadau habari zenu. Naandika hii maana naona watu wengi wanauliza zawadi gani ya kumnunulia mtoto anayependa mambo ya ndege, na kila mtu anajibu droni, droni, droni. Mi droni nimenunua. Na joistiki, ile fimbo ya kurushia ndege ya kwenye kompyuta, nimenunua. Kwahiyo naongea kama mtu aliyeliwa hela upande mmoja akapona upande wa pili. Kwa wenye haraka: droni nyota moja, tena hiyo nyota naipa boksi lake maana lilikuwa zuri nahifadhia vishikizo na sindano, joistiki nyota tatu na nusu, na simuleta, yaani programu yenyewe ya kurushia ndege kwenye kompyuta, inaitwa FlightGear, ni ya bure kabisa, naipa tano. Wenye muda tuendelee.

Mi nina steshenari hapa Mtwara mjini, natoa kopi, nabaindi, najaza fomu za watu, picha za pasipoti, ndo maisha. Nakaa na mtoto wa dada yangu anaitwa Somoe, ana miaka 16, kidato cha tatu. Dada mwenyewe yuko Liwale na mama yetu, wanalima mahindi, ufuta, na mikorosho michache. Sasa anayeijua Liwale anajua, ukilima karibu na pori la Selous unalima wewe na tembo, na tembo halimi. Mwaka juzi mwezi wa nne, mahindi yameshabeba, waliingia usiku mmoja tu, asubuhi shamba la mama lilikuwa kama limepitiwa na greda. Tembo mkubwa anakula mpaka kilo 150 kwa siku, huyo ni mmoja, sasa wakija kundi piga hesabu mwenyewe, na wasichokula wanakikanyaga.

Somoe alikuwa huko likizo. Watu wazima wote pale walikuwa wanalaani, wengine wanataja mikuki, wengine wanataja sumu, yeye akauliza swali moja tu ambalo mama alinipigia simu kunisimulia maana lilimshangaza. Aliuliza, "Jana walikuwa wapi?" Yaani kabla ya kuingia shambani saa nane usiku, jana yake saa kumi jioni hao tembo walikuwa sehemu gani, na kama kungekuwa na mtu juu angewaona wanakuja si bibi angewasha pilipili mapema? Mama ana ile kamba yake ameipaka oili chafu na pilipili ya kusaga anaizungushia shamba, na yale matofali ya kinyesi cha tembo na pilipili unayachoma yanatoa moshi, mtu ukipita unakohoa mpaka machozi. Vinasaidia. Ila ukishtuka tembo wako ndani tayari, moshi wa nini tena. Aliporudi Mtwara akaniambia, "Mamdogo mi sitaki wauawe, nataka wajulikane walipo." Na tangu hapo ikawa urubani, urubani, mpaka kwenye daftari la hesabu kuna mabawa.

DRONI

Hoja aliyonishindia nayo ilikuwa hii. Alisoma kwamba huko kaskazini, maeneo ya Tarangire na Serengeti, walishajaribu kufukuza tembo mashambani kwa droni na tembo wakakimbia, inadhaniwa ni kwa sababu mlio wake unafanana na wa nyuki, na tembo anaogopa nyuki, hiyo imeshafanyiwa utafiti hadi watu wanafunga mizinga kuzunguka mashamba. Mi nikaona mtoto ana akili, anatumia maneno ya kitabuni, nikalegea. Nikaagiza droni mtandaoni, laki na themanini, jina la muuzaji silitaji na la droni silitaji, sitaki kesi.

Kwenye tangazo: kamera 4K, inakaa hewani nusu saa, inaenda kilometa moja. Uhalisia: dakika saba. Saba. Nimepima kwa simu. Kuhusu 4K nadhani K zenyewe ni kiza, kivuli, kutetemeka na kukwama. Kilometa moja sijui maana haikuwahi kufika mita mia bila kupoteza mawasiliano.

Tulienda kuirusha Shangani ufukweni mwezi wa saba. Nyie mnaokaa huku mnajua mwezi wa saba ni kusi, upepo haukuombi ruhusa. Ikapanda vizuri, Somoe anacheka, mi narekodi, ikafika juu ya minazi kusi likaichukua kama gazeti. Kunguru wawili nao wakaona kuna mgeni wakaanza kuifuata. Ilidondoka kwenye maji kina cha magoti, tukaiokota, imebaki na mapanga matatu na injini moja inayonguruma kama mzee mwenye pumu. Laki na themanini, dakika saba.

Halafu kuna mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu pembeni, alinyamaza muda wote, tulipookota akasema polepole, "Mwanangu, hiki kidude mnakirusha kwa ruhusa ya nani?" Nikajua anatania. Kumbe yuko sahihi bwana, mi ndo sikujua kitu. Droni zina kanuni zake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, tangu 2018, unatakiwa usajili na upate kibali, huruki tu karibu na uwanja wa ndege (na uwanja wetu hauko mbali na mji), na ndani ya hifadhi huingii na droni bila ruhusa ya wenye hifadhi. Hao walioifukuzia tembo kule kaskazini walikuwa askari wa wanyamapori waliofundishwa, sio mtoto wa kidato cha tatu na mama yake mdogo mwenye kandambili. Hilo muuzaji hakuliandika popote. Na hata ungekuwa na vibali vyote, fikiria Msimbati kwenye hifadhi ya bahari kasa wanapopanda kutaga usiku, unaleta kidude kina taa nyekundu na kijani kinalia juu ya kichwa chake, kasa akishtuka kabla hajaanza kutaga anageuza anarudi majini. Kwahiyo unaweza ukawa unapenda wanyama na bado ukawa ndo msumbufu wao namba moja. Somoe hilo lilimuuma kuliko laki na themanini. Mimi iliniuma laki na themanini.

JOISTIKI

Alikaa kimya kama mwezi hivi. Mwezi wa tisa kuna mteja, kijana wa chuo, alikuja kubaindi ripoti akaona mabawa kwenye daftari, akasema dada mbona kuna programu ya bure ya kurusha ndege kwenye kompyuta, akaandika jina kwenye kikaratasi. FlightGear. Ni ya wale watu wanaojitolea kutengeneza programu kila mtu atumie bure, ipo tangu miaka ya 1990, na dunia yote imo humo, viwanja elfu na elfu, sio Ulaya tu. Uwanja wa Mtwara upo. Kikwetu kule Lindi upo. Nachingwea upo. Niliposikia Nachingwea upo nikaamini.

Kompyuta yangu ya steshenari ni ya kawaida ya mezani, RAM GB 8, haina kadi ya picha ya maana. Inaendesha, ila ukubali kupunguza urembo: zima vivuli, zima mawingu ya kujaa jaa, punguza umbali wa kuona. Usipopunguza ndege inaenda kama picha za ukutani, moja moja. Kupakua ni kama GB 2, fanya na kifurushi cha usiku, halafu cha muhimu sana, ardhi ya sehemu unayoruka inajipakua yenyewe unavyosogea kwahiyo bando linaondoka kimya kimya, sisi siku ya kwanza liliisha tukiwa juu ya bahari hatujui. Pakua eneo la kusini mara moja likishaingia zima intaneti. Na kama umeme wa kwenu ni kama wa kwetu weka UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hakuna kitu kinaumiza kama kuanguka na ndege kwa sababu ya umeme.

Kurusha kwa kibodi inawezekana ila ni kama kula wali kwa sindano. Ndo nikatafuta joistiki, ile fimbo unashika kama gia ya basi, ina kijiti cha kuongeza moto wa injini pembeni, vitufe vyake, na inazunguka kulia kushoto kwa ajili ya usukani wa mkia. Used, elfu 90 Kariakoo, nikatumiwa kwa basi nikalipa elfu 8 ya mzigo, nikaichukua stendi. Imefungwa kwenye mfuko wa mkate. Nikasema haya, tumeshapigwa tena. Tukachomeka, ikasomeka hapo hapo bila kuweka chochote. Nyie, mtoto alipiga kelele mteja akaacha chenji yake.

Wiki ya kwanza hakuna alichofanya zaidi ya kuanguka. Unaanza na Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, ndo hiyo hiyo wanayoanzia wanafunzi wengi wa urubani duniani, na ukiifuata na cheklisti yake inataka kila kitu kwa mpangilio, mafuta, sumaku za injini, flapu, sio unawasha unaondoka. Spidi inahesabiwa kwa noti, sio noti za hela, noti moja ni kama kilometa 1.85 kwa saa. Ikifika noti 55 unavuta fimbo taratibu inanyanyuka. Hapo raha. Kutua sasa. Unatakiwa uje na noti kama 65, pua imetulia, na yeye alikuwa anakuja na 90 anapita uwanja wote anaishia baharini. Tumezamisha ndege nyingi, samaki wa humo ndani wametuzoea.

Kitu kimoja nilichojifunza hata mimi nisiye rubani ni kuhusu kuanguka kwenyewe. Ukivuta fimbo sana pua inapanda, ndege inapoteza spidi, hewa inaacha kushika mabawa vizuri na ndege inazama kama jiwe huku pua imeangalia juu. Na dawa yake ni kushusha pua. Yaani pale unapoona ardhi inakuja na mwili wote unakwambia vuta, unatakiwa uisukume mbele iangalie chini kidogo ipate spidi, ndo uvute. Somoe ilimchukua siku nne mkono wake ukubali. Na kwenye droni hiki kitu hakipo kabisa, droni ukiachia fimbo inasimama hewani yenyewe, haikufundishi lolote kuhusu mabawa, ndo maana nasema mtu akitaka mtoto ajue kuruka droni ya kuchezea haimsaidii, inamsaidia kupiga picha za harusi.

Steshenari ikawa ukumbi. Mtu anakuja kutoa kopi ya kitambulisho anabaki nusu saa. Bodaboda wa kijiweni wote wakawa walimu, kuna mmoja kila ndege ikikaribia kutua anapiga kelele "Shika breki! Shika breki!" iko futi mia mbili hewani. Na kuna mama mmoja aliuliza kwanini mtoto wa kike mnamfundisha vitu vya kuanguka, nikamwambia mama, hata mnazi watu wanaanguka na bado tunakula nazi.

SENSA YA KOROSHO

Hapa ndo nataka kukaa kidogo maana hapa ndo hela yangu ya joistiki ilipojilipa.

Mi nilidhani kulinda wanyama kwa ndege ni kuruka juu unawaangalia unawapungia. Kumbe kazi kubwa ni kuhesabu. Wanavyofanya kwenye sensa zile za pori kubwa, wanaruka na ndege ndogo kwenye mistari iliyonyooka, futi kama 350 kutoka ardhini, kama mita 107 hivi, nyuma wanakaa wahesabuji kulia na kushoto, na kwenye nguzo za mabawa zimefungwa fimbo mbili kila upande. Mnyama anayeonekana kati ya fimbo mbili anaandikwa. Aliye nje ya fimbo haandikwi hata akupungie mkonga. Halafu wanajua upana wa ule ukanda ni kiasi gani, wanajua pori zima lina ukubwa gani, wanakadiria. Sasa kazi ya rubani ni nini? Ni kutopanda na kutoshuka. Ndege ikipanda, ukanda unaoonekana kati ya fimbo unatanuka, unahesabu eneo kubwa ukidhani ni dogo, tembo wanakuwa wengi kwenye karatasi. Ikishuka, wanapungua. Rubani akitikisika kidogo mnaongeza tembo ambao hawapo. Somoe alipoelewa hilo aliacha kabisa mambo ya kupinduka pinduka, akawa anashika futi 350 tu, mstari mmoja, dakika ishirini, huku jasho linamtoka, mteja anasema mbona hii ndege haifanyi kitu. Ndo kazi yenyewe hiyo, isifanye kitu.

Shida kwenye simuleta hakuna tembo, kuna miti tu. Jumamosi moja akachukua korosho ghafi 300 za bibi yake, akanipa nizimwage uwani yeye akiwa ndani haoni. Uwani kwetu ni hatua 30 kwa 20, kwahiyo 600 kwa jumla. Akafunga kamba nne kukata upana, akashika fito za urefu wa hatua moja mkono wa kulia na wa kushoto, anatembea kwenye kamba anahesabu zilizo chini ya fito tu. Mistari minne mara hatua 20 mara upana wa 2, ni 160 kati ya 600. Kahesabu korosho 74. Kapiga hesabu, 277. Zilikuwa 300. Nikapiga makofi, yeye akasema "mamdogo umezimwaga kama mbegu, tembo hawakai hivyo, tembo wanakaa na familia." Nikarudia, nikaziweka mafungu mafungu, moja kwenye mwembe, moja karibu na choo, mengine madogo madogo. Akapita tena. Akapata 41, akazidisha, 154. Yaani nusu ya tembo wetu wamepotea na hakuna aliyewaua, mistari yake imepita katikati ya mafungu tu. Alikaa chini akaangalia zile kamba muda. Halafu akafunga nyingine nne katikati, mistari ikawa minane, akapata 152, ikaja 285. Hapo akacheka. Kumbe mistari ikikaribiana, familia haikwepi. Ila mistari mingi ni mafuta mengi ya ndege na saa nyingi, ndo maana sensa ni ghali na haifanyiki kila mwezi.

Katikati ya zoezi kuku wa jirani waliingia, kuku hali korosho ghafi ila kuparua anaparua, tukawaita majangili tukawafukuza. Korosho zilirudi 298. Mbili mpaka leo hazijulikani zilipo na mama kule Liwale ameshaziulizia.

Sasa ukishafanya hiyo ya uwani ndo unaelewa namba ukizisoma. Pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilometa za mraba 30,893, miaka ya 1970 lilikuwa na tembo wanaokadiriwa laki na kitu. Sensa ya ndege ya 2013 ilipata kama elfu 13 tu. Tofauti hiyo sio ya kamba kupita katikati ya mafungu, hiyo ni bunduki na pembe, na mwaka uliofuata, 2014, Selous ikawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Somoe aliziandika hizo namba mbili kwa kalamu nyekundu akabandika juu ya skrini. Nikamwambia lakini hao hao ndo waliokula mahindi ya bibi. Akasema "ndio, hao hao." Basi, hakuongeza neno, akarudi kwenye futi 350.

KASORO ZA JOISTIKI

Nimeipa tatu na nusu na sio tano kwa sababu. Springi ya katikati imelegea, ukiiachia haisimami sawa, inaegemea kushoto kidogo, na kwa mtu anayejifunza kushika mstari ulionyooka hiyo ni dhambi. Tumeweka rababendi pande mbili, inasaidia. Kile cha kuongeza moto kinaruka ruka, unasukuma taratibu injini inapiga kelele ghafla, fundi redio wa hapa jirani aliifungua akapuliza vumbi akasafisha na spiriti, elfu tano, ikatulia kama miezi miwili ikaanza tena. Chumvi ya bahari na vifaa vya umeme havipatani, ukiwa Mtwara ifunike na kitambaa usiku. Muuzaji nilipompigia alinijibu kiungwana sana, "dada used ni used," akakata.

Ukinunua, chomeka palepale kwenye kompyuta ya muuzaji au akutumie video anaizungusha, uangalie mambo mawili, ikiachiwa inarudi katikati? na inazunguka kwa ajili ya mkia? Isiyozunguka usinunue, utahangaika na upepo wa pembeni kwenye kutua, na uwanja wa Mtwara kwa kusi hata humo ndani ukiweka hali ya hewa ya upepo utaona ndege inakuja kama kaa.

SAFARI YA LIWALE

Mwezi wa pili alifanya safari nzima ya kwanza, Mtwara Nachingwea Liwale, bila mimi kugusa kitu. Nachingwea iko karibu magharibi nyoofu ya Mtwara, kama kilometa 155, dakika 45 hivi kwa hiyo ndege, hapo unageuza kaskazini magharibi. Kwa basi ninyi mnajua, na masika hakuna anayekuahidi utafika siku gani. Alichora mstari kwenye ramani ya kopi A3, akapiga hesabu ya upepo na mafuta kwa kalamu, mwalimu wake wa fizikia angeona angefurahi maana ndo mtoto huyo huyo aliyekuwa anasema vekta hazina kazi.

Tukampigia mama simu akiwa juu ya Liwale. Somoe anamwambia, "Bibi, sasa hivi niko juu ya kwenu."

Mama akatoka nje kabisa, tunasikia mlango. "Mbona sikuoni?"

"Ni ya kwenye kompyuta bibi."

"Aa. Na tembo unawaona?"

"Humu hakuna tembo bibi, wamechora miti tu."

Mama akanyamaza kidogo. "Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi mjukuu wangu, tua hapo hapo unipakie, hiyo ndo Liwale ninayoitaka mimi."

Tulicheka sana, ila Somoe baada ya simu aliniambia hiyo Liwale ya bibi ndo anayoiogopa yeye. Sijui nani mkweli kati yao, mi sijawahi kuliwa shamba na sijawahi kuhesabu tembo, nimehesabu korosho tu.

MNAYOULIZA SANA

Je masaa ya simuleta ya nyumbani yanahesabika kwenye leseni? Hapana, msidanganywe. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi unaanzia miaka 17, upime afya, na uruke si chini ya masaa 40 ya ndege ya kweli, pungufu kidogo ukisoma chuo kilichoidhinishwa. Ya biashara ni miaka 18 na masaa mengi zaidi. Kwahiyo joistiki ya elfu 90 haikupi leseni, inakupa mtoto ambaye siku akikaa kwenye ndege ya kweli hashangai vitufe. Na Kiingereza, marubani wanaongea na mnara kwa Kiingereza na kuna mtihani wake, daraja la 4 ndo la chini, huyu wa kwangu sasa hivi anaongea na sufuria, "Mtwara Tower" asubuhi mpaka jioni, ugali unaungua.

Je kwa mtoto wa miaka kumi? Chini ya 12 ataichoka, cheklisti ni ndefu. Mpe mpira.

Je ina matangazo, inadai malipo mbeleni? Haidai hata mia. Nimesubiri miezi saba wanidai, bado.

Kuna mtu ameuliza droni yetu kama inauzwa. Hiyo hapana siwezi kukuuzia nikalala, ipo tu juu ya kabati na mapanga yake matatu. Betri nayo ilivimba nimeitoa. Ukiwa fundi unataka vipuri pita steshenari uchukue bure, ila boksi linabaki.